Kina Mama na Meza ya Amani: Hotuba kwa Wanafunzi wa Zamani

Ndugu Mwenyekiti wa Chama chetu, Mkuu wa Shule, walimu wetu wa zamani mliojaliwa kufika, wanafunzi wenzangu wa zamani, na nyinyi kina mama mlioandamana na waume zenu: Mbukwenyi!

Nimesikia vizuri ni nani walioitikia na ni nani walioinamisha vichwa. Wako watu hapa waliokula ugali wa uwele wa Ugogo kwa miaka minne mizima, na hadi leo hawajui kuitikia salamu ya wenyeji. Hao nawasamehe, kwa kuwa siku zile tulikuwa na njaa kuliko adabu.

Kwanza kabisa napenda kuchukua nafasi hii kumshukuru Katibu kwa kunialika. Barua yake ilinitaka nizungumze juu ya nafasi ya mwanamke katika usuluhishi wa amani na katika maamuzi ya kimataifa. Nilipoisoma nilidhani imekosea njia. Mimi si mwanasiasa, si mwanasheria, wala si mwanamke. Nilimpigia simu nikamwambia hivyo. Akanijibu, "Lakini wewe ulikuwa Arusha." Nikanyamaza, maana ni kweli, nilikuwa Arusha, na mambo niliyoyafanya kule sijawahi kuyasimulia mbele ya watu.

Wale wa wakati wangu mtakumbuka kwamba tuliingia kidato cha kwanza mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Tulidhani tutamaliza kidato cha nne tukiwa tumezungukwa na mabalozi. Tulimaliza tukiwa tumezungukwa na mibuyu ileile. Mtakumbuka pia mwalimu wetu wa Kifaransa, tuliyempa jina la utani la Bonzhua, ambaye darasa lake lilibaki na watu kumi na mmoja baada ya wengine wote kukimbilia kilimo. Mzee yule tulimcheka sana. Lakini kwa Kifaransa chake nimekula maisha yangu yote, na kwa Kifaransa chake nilichukuliwa kuwa mkalimani wa muda katika mazungumzo ya amani ya Burundi.

Niwakumbushe historia kwa kifupi, hasa vijana waliomaliza juzi. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa. Vita vilivyofuata viliua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000, na malaki wakavuka mpaka kuja kwetu Kigoma na Kagera. Juni 1998 mazungumzo yalifunguliwa mjini Arusha, msuluhishi akiwa Mwalimu Nyerere. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 kabla kazi haijakwisha, na Mzee Nelson Mandela akaipokea. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000.

Sasa, walioketi mezani walikuwa serikali, bunge na vyama vya siasa vya Burundi. Karibu wote walikuwa wanaume wenye suti na mikoba. Kina mama wa Burundi nao walikuja, tena kwa shida kubwa ya nauli. Walikuwa Wahutu na Watutsi, wamekuja pamoja. Walipoomba viti waliambiwa kwamba mazungumzo haya ni ya pande zinazogombana, na kina mama si upande, si chama cha siasa. Ukiisikiliza haraka unaona ina mantiki. Ni baada ya kulala ndipo unapogundua kwamba maana yake ni hii: mwenye bunduki ana kiti, na aliyemzika mtoto hana. Kwa hiyo walisubiri kwenye ushoroba. Mjumbe akitoka kwenda kunywa chai, wao wanamfuata na karatasi zao. Baadaye walikubaliwa wachache wawe watazamaji, yaani kusikiliza bila kusema.

Na mimi nilikuwa kwenye ushoroba ule. Siku moja wakati wa mapumziko alinijia mama mmoja wa makamo, amevaa vitenge, ameshika kurasa tatu zilizoandikwa kwa mkono. Aliniomba nizitafsiri kwa Kiingereza ili awape wasaidizi wa msuluhishi. Nilitupia jicho ukurasa wa kwanza. Neno nililoliona ni ardhi. Nikamjibu kwa Kifaransa safi cha Mwalimu Bonzhua kwamba sina idhini ya kushughulikia karatasi zisizo rasmi. Alishukuru, akaniita ndugu yake, akaenda kumtafuta mwingine.

Ndugu Mwenyekiti, hakuna mtu aliyenikataza. Sikupewa amri wala waraka. Nilikuwa na saa nzima mkononi, nikaitumia kunywa chai na kusoma gazeti la michezo. Ningeweza kulaumu utaratibu, lakini utaratibu siku ile ulikuwa mimi.

Kisha kuna jambo ambalo sikuliunganisha na lile hadi miaka mingi baadaye. Mjini Arusha, katika jumba la AICC, ndipo ilipokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda. Tarehe 2 Septemba 1998, wakati mazungumzo ya Burundi yana miezi mitatu hata haijatimia, mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ndogo ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kutamka kwamba kubaka kunaweza kuwa sehemu ya mauaji hayo.

Sikilizeni jinsi jambo hilo lilivyokuja. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikutaja ubakaji hata kidogo. Wapelelezi hawakuuliza, au waliuliza vibaya. Wakati wa kesi, shahidi mmoja mwanamke alikuwa akieleza habari nyingine kabisa, na katika maelezo yake akagusia kwamba binti yake mdogo alibakwa. Katika majaji watatu waliokuwa wakisikiliza, mmoja alikuwa mwanamke, Navanethem Pillay wa Afrika ya Kusini. Maswali ya majaji, na yake hasa, yakaanza kufukua mambo, mashahidi wengine wakasema yaliyowapata, na mwaka 1997 hati ya mashtaka ikabadilishwa. Sheria ya dunia nzima imebadilika kwa sababu mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kuuliza swali aliuliza. Jaji Pillay baadaye alikuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa. Lakini mimi humfikiria akiwa pale kwenye kiti chake, mmoja kati ya watatu, akisikia neno ambalo wanaume wenye elimu na mishahara mikubwa walilipita.

Najua hapo yupo ndugu mmoja, simtaji, ameshaniandalia swali. Atasema: je, kina mama ni malaika? La hasha. Mahakama ileile ilimhukumu Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa mambo ya wanawake wa Rwanda, mwezi Juni 2011, kwa makosa ya mauaji ya kimbari na ya ubakaji uliofanywa na watu aliokuwa na mamlaka juu yao. Waziri wa wanawake! Kwa hiyo mimi sitasimama hapa kuwaambia kwamba mwanamke amezaliwa na amani tumboni. Hoja hiyo huwa inatolewa kwenye sherehe, inapigiwa makofi, halafu kina mama wanarudishwa jikoni kwa heshima zote. Kenya, mwaka 2008, kila upande ulipeleka watu wanne kwenye meza ya Kofi Annan, na kila upande ulikuwa na mwanamke mmoja: Martha Karua kwa serikali, Sally Kosgei kwa upinzani. Mama Karua alisifika kwa msimamo mkali kuliko wanaume wengi. Sawa kabisa. Alikwenda kutetea upande wake, hakupelekwa kupamba meza.

Hoja yangu ni nyepesi zaidi. Kuna mambo yanayojulikana na watu fulani tu, kwa sababu ya kazi wanazozifanya kila siku. Wasipokuwepo, hayo mambo hayasemwi, na mkataba unaandikwa bila hayo.

Turudi Burundi. Julai 2000, mwezi mmoja kabla ya kutia saini, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya wanawake, lililoitwa UNIFEM wakati ule, pamoja na Taasisi ya Mwalimu Nyerere waliwakutanisha kina mama wa vyama vyote 19 mjini Arusha, wawili wawili, pamoja na wengine. Katika siku chache walikubaliana mambo ambayo waume zao na makaka zao walikuwa wakiyavutana kwa miaka miwili. Walimkabidhi Mzee Mandela mapendekezo yao, na mengi yaliingia katika mkataba: wasichana wasome sawa na wavulana, uhalifu wa ubakaji vitani usisamehewe, wakimbizi wanawake wanaorudi walindwe, na mwanamke awe na haki ya kumiliki na kurithi ardhi.

Mnaona lile neno la ukurasa wa kwanza.

Walichonyimwa ni kile cha thelathini kwa mia. Waliomba wawe na asilimia 30 ya nafasi za uongozi, wajumbe wakakataa. Hata hivyo katiba ya Burundi ya mwaka 2005 ikaja kuiweka asilimia hiyohiyo kwa serikali na bunge. Na miezi miwili baada ya Arusha, tarehe 31 Oktoba 2000, Baraza la Usalama chini ya uenyekiti wa Namibia lilipitisha azimio namba 1325, la kwanza kuzitaka nchi zote ziwashirikishe wanawake katika kuzuia vita na kutafuta amani. Ndugu zangu, wasomi wa Ulaya huandika juu ya azimio hilo kana kwamba lilizaliwa New York. Lilizaliwa kwenye shoroba nyingi, na mojawapo niliikanyaga mimi kwa viatu vyangu.

Lakini tusijidanganye. Sheria ya kumpa binti wa Burundi urithi wa ardhi ilikuwa haijapitishwa hata miaka 20 baada ya mkataba. Mwaka 2015 vurugu zilizuka tena, na makambi ya Nyarugusu, Nduta na Mtendeli yakafurika upya. Na hesabu ya Umoja wa Mataifa iliyochukua mazungumzo makubwa 31 ya amani kati ya mwaka 1992 na 2011 ilionyesha kwamba wanawake walikuwa asilimia 9 tu ya wajumbe wa majadiliano, na asilimia 4 ya waliotia saini. Azimio lenyewe lilikuwa limekwisha kupita kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo.

Sisi Watanzania hupenda kujisifu katika jambo hili, na sababu tunazo. Mama Gertrude Mongella, mwalimu kwa taaluma, ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Dokta Asha-Rose Migiro alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Hapa Dodoma, kilomita chache kutoka hapa nilipo, Mama Anne Makinda aliketi kwenye kiti cha Spika mwaka 2010, mwanamke wa kwanza, na Dokta Tulia Ackson, akiwa Spika, alichaguliwa Oktoba 2023 mjini Luanda kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Rais mwanamke tumempata mwaka 2021. Bungeni wanawake ni zaidi ya theluthi, ingawa wengi kwa viti maalumu. Haya nayapita haraka kwa sababu mnayajua, na kwa sababu kiti cha juu ni jambo moja, na meza ya ugomvi ni jambo jingine. Nchi yenye Spika mwanamke inaweza kabisa kuwa na kijiji ambacho baraza la kusuluhisha mpaka wa malisho ni wazee saba na fimbo zao.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, lakini nipite kwanza kwa bibi yangu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mgogo wa kando ya Bahi. Alikuwa akitusimulia kwamba zamani, ugonjwa ukiwavamia ng'ombe na wanaume wakashindwa, kina mama walichukua mambo mikononi. Walivaa mavazi ya wanaume, walishika fimbo na mikuki, walikwenda kuchunga ng'ombe wenyewe, na walicheza ngoma kwa ukali wakiusukuma ule uchafu hadi mpakani mwa nchi. Wanaume siku hizo walikaa kando. Nilidhani ni hadithi za bibi za kutulaza. Nilipokuwa mtu mzima nikakuta kwamba msomi Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ameandika habari hiyohiyo. Fikirini, katika jamii ambayo ng'ombe ni mali ya mwanamume kuliko kitu chochote, kulikuwa na utaratibu uliokubalika wa kusema: wanaume wameshindwa, wapisheni kina mama. Na mpaka leo ngoma ya muheme ya Wagogo hupigwa na kina mama. Wageni wakija Dodoma hushangaa. Sisi hatushangai, ila pia hatujiulizi.

Sasa nije nyumbani kabisa. Mnajua mwaka juzi Chama chetu kilichanga fedha kuzungushia shamba la shule uzio wa seng'enge. Nilichanga na mimi, na jina langu limo katika orodha. Uzio ule umekata njia ya kwenda lambo. Tuliambiwa na wenzetu waliokwenda kupima kwamba wenyeji wameridhika. Kiangazi kilichopita seng'enge ilikatwa sehemu nne, mlinzi akapigwa, vijana wawili wakalala mahabusu. Ndipo tukaunda Kamati ya Usuluhishi ya watu tisa, na sina budi kusema wote ni watu ninaowaheshimu. Kamati imekutana mara tatu na wazee wa kijiji. Wamezungumza juu ya ng'ombe, juu ya hati ya kiwanja, juu ya fidia ya seng'enge. Mara tatu wamekubaliana, na mara tatu seng'enge imekatwa.

Jana jioni nilipowasili nilitembea hadi kwenye lambo. Nilikuta kina mama watatu wanavuta mkokoteni wa madumu kwa njia ndefu ya kuzunguka. Nikawasaidia kusukuma, kwa jinsi mgongo wangu unavyoruhusu, tukazungumza. Wakaniambia ng'ombe si tatizo kubwa, maana ng'ombe wana njia nyingine ya upande wa kaskazini. Tatizo ni maji ya nyumbani. Mzunguko ule unawaongezea karibu saa nzima, na wasichana wanarudi giza likiwa limeingia. Wanaokata seng'enge si wachungaji. Nilipouliza ni nani, walicheka wakaangaliana. Mmoja akasema, "Baba, seng'enge hukatwa na mwenye dumu." Nikauliza kama wamewahi kuieleza Kamati. Wakasema Kamati haijawahi kuwauliza. Wao siku za kikao ndio hupika.

Walichotaka, ndugu Mwenyekiti, ni lango. Lango la upana wa mkokoteni, upande wa mbuyu ulioanguka, lifunguliwe alfajiri na kufungwa baada ya magharibi, na ufunguo ukae kwa mpishi wa shule ambaye ni binti wa kijiji. Mapatano matatu tumeandika, na hakuna hata moja lenye neno lango.

Nchini Kenya kuna mji wa Wajir, nchi kame ya wafugaji kama hii yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilikuwa zikiuana kwa malisho na maji. Mwaka 1993 kina mama wachache, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, walianza na jambo dogo sana: kwamba sokoni mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa. Kutoka sokoni wakawaendea wazee, kutoka kwa wazee wakaiendea serikali, na mapigano yakapungua. Dekha alifariki mwaka 2011, akiwa ameshaitwa kusuluhisha watu katika nchi nyingi. Alianzia sokoni kwa sababu soko alilijua.

Kwa hiyo, ndugu Mwenyekiti, natoa hoja. Kwanza, Kamati ya Usuluhishi iongezwe wajumbe watatu wanawake, wawili wachaguliwe na kina mama wa kijiji wenyewe na si na sisi, na mmoja awe mwalimu wa kike wa shule hii. Wawe wajumbe kamili wenye kura, si watazamaji. Pili, mapatano ya tatu yasitiwe saini kesho kama ilivyopangwa, mpaka hao watatu wamekaa mezani. Wako watakaosema hao si wanachama, si upande katika ugomvi huu. Maneno hayo nimeshayasikia, na nimeshayatumia.

Naomba hoja ipigiwe kura kabla ya chakula. Na kwa kuwa wenye jambo lao wako jikoni hapo nyuma ya bweni wanatupikia, naomba mtu mmoja aende akawaite waje wasikie. Masufuria yakiungua, gharama nitalipa mimi.